Mzigo Ulioshika Usukani

Simu ililia kabla ya adhana ya alfajiri, Jumamosi ya tarehe 26 Agosti 2023. Nikaipokea na usingizi bado machoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, hebu niambie, sifuri inanunua nini hapa Malaba?"

Alikuwa mzee mmoja wa Changamwe, kule Mombasa, dereva wetu wa miaka mingi kwenye njia ya Mombasa na Kampala, zaidi ya kilomita 1,100 kwenda tu. Mimi nami ni wa Mombasa, mtaa wa Majengo, kwa hiyo huniita mwanangu, na simu zake hazifuati ngazi za ofisi: jambo likimkera hampigii karani wala meneja, hunipigia mimi. Usiku ule alivuka mpaka akaingia upande wa Uganda, akapokea ujumbe kutoka kwenye mfumo wetu: Posho ya safari: UGX 0. Akala kwa mkopo kwa mama muuza chakula, akalala ndani ya lori. Hakunipigia kelele. Alikuwa na ile hasira ya watu wazima inayokuja na upole, ambayo ni mbaya zaidi.

Nikamwambia pole baba, acha niangalie. Nilidhani ni kosa la karani. Na kweli lilikuwa kosa la karani. Ila lilikuwa uzi tu, na nilipouvuta, nguo yote ikafumuka. Nguo yenyewe niliishona mimi.

Kampuni yetu husafirisha mizigo na kuishughulikia forodhani. Ofisi iko Industrial Area, Kampala, nayo yadi iko nyuma yake. Bosi alianza kazi kama utingo, akawa dereva, akanunua lori lake la kwanza, kisha la pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kwenye yadi yetu kilikuwa rasmi tangu malori yakiwa mawili. Hesabu zote, ankara, posho, dizeli, mishahara, vipuri vya stoo, zinapita kwenye mfumo mmoja wa usimamizi wa biashara. Msingi wake tuliununua. Sehemu ya safari na posho niliiandika mimi, kwa lugha ya programu iitwayo Python.

Saa moja asubuhi nilikuwa ofisini na chai yangu na rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, kutoka kwa kijana wa pale nje ya geti. Nikafungua rekodi ya safari ya mzee. Kwenye skrini ilisomeka sifuri, lakini skrini zetu hukata desimali, kwa hiyo nikaingia kwenye hifadhidata moja kwa moja. Hapakuwa na sifuri. Palikuwa na 0.00154473 na kuendelea.

Mtu haandiki posho ya shilingi sifuri nukta sifuri sifuri moja na vipande. Nikampigia dada wa hesabu, ambaye Jumamosi huwa hafiki mpaka saa tatu. Akaniambia jana jioni aliingiza safari nyingi kwa haraka, huenda kidole kiliruka kisanduku. Kisanduku cha posho kimekaa jirani na kisanduku cha tarehe. Nikashukuru, nikakata simu, nikakitazama kile kidesimali. Kisha nikachukua kikokotoo cha simu nikaandika: 25 gawanya kwa 8, gawanya kwa 2023.

0.00154473.

Rolex ilibaki pale pale mpaka ikapoa. Dada alikuwa ameandika tarehe kwenye kisanduku cha pesa, 25/8/2023, na mfumo badala ya kumwambia "hapa si mahali pake" ukaisoma mikwaju ile (/) kama alama ya kugawanya, ukafanya hesabu, ukahifadhi jibu na kumtumia mzee ujumbe. Maana yake ni kwamba mfumo ulikuwa unatii kilichoandikwa humo. Na mimi nilijua kwa nini, kwa sababu mwaka 2018 niliandika mstari mmoja, mmoja tu, na nilijisifu nao.

Ilikuwa hivi. Kila njia ina hesabu yake. Mzigo wa Juba unaopita Elegu hauna gharama sawa na wa Kigali unaopita Katuna, na bosi alichoka kunisubiri kila bei ilipobadilika. Akataka dada wa hesabu aweze kujiandikia fomula mwenyewe: tani mara kiwango, jumlisha siku mara posho. Kulifanya jambo hilo vizuri kulihitaji siku kadhaa. Python ina amri inaitwa eval, ambayo huchukua maandishi yoyote na kuyaendesha kama msimbo, yaani kama amri za programu. Mstari mmoja, kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Bosi akanipiga bega akaniita fundi, na jina hilo likaganda.

Nilijua eval ina sifa mbaya. Nilijidanganya kwamba nimeifunga kamba, kwa kuwa niliipa orodha ya vigeu, yaani majina ya kuwekea thamani, vinne tu: tani, siku, kilomita, posho. Nilichokuwa sijakisoma ni kwamba Python ikikuta orodha hiyo haina amri zake za msingi, huziingiza yenyewe kimya kimya. Ishara nilikuwa nazo. Mwaka mmoja kabla ya simu ya Malaba, dada alinionyesha kwa furaha kwamba amejaribu kuandika round, amri ya kukadiria namba, kama anavyozoea kwenye Excel, na imekubali. Nikampongeza! Hakuna aliyekuwa ameitengeneza round mle ndani. Mgeni ambaye sikumpa ufunguo alikuwa amefungua mlango na kuingia, nami nikamkaribisha kiti, bila kujiuliza ni nani mwingine anaweza kuingia hivyo hivyo.

Hapo mkono ulinitekenya kujaribu papo hapo. Nikajizuia. Uganda ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011, na kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa, hata kama wewe ndiye fundi wake na nia yako ni njema. Nikaenda kwa bosi nikitaka ruhusa kwa maandishi.

Bosi hakuelewa, na kosa lilikuwa langu. Nilianza na Marekani: mwaka 2017 kampuni ya Equifax iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147, na wezi waliingia kwa tundu la jamii hii hii, maandishi kutoka nje yakaendeshwa kama msimbo. Akaniangalia kama mtu anayesimuliwa mvua ya nchi nyingine. Nikabadilisha.

"Bosi, lori lina kebini na lina kontena. Dereva anakaa wapi?"

"Swali gani hilo, fundi?"

"Na mzigo?"

"Kwenye kontena. Na sili juu yake."

"Mfumo wetu hauna ukuta kati ya kebini na kontena. Mtu akipakia mzigo wenye akili, unatambaa mpaka mbele, unashika usukani. Na lori linakwenda unakotaka mzigo."

Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo wenye digrii wengi wangelisahau: "Ni nani anaweza kupakia?" Nikajibu kwamba ni watu wa hesabu, watano. Akaandika ruhusa kwa mkono, akapiga muhuri wa kampuni, akaongeza kwa Kiswahili chake: fundi ajaribu kwenye mashine ya majaribio, asiguse ya kazi.

Nilichukua nakala ya mfumo nikaiweka kwenye seva ya majaribio iliyochomolewa mtandao. Sikutaka kufanya fujo, nilitaka kuuliza swali moja tu. Kwenye kisanduku cha posho nikaandika `__import__('os').getuid()`, yaani: ita sehemu ya Python inayozungumza na mashine yenyewe, uiulize, wewe unafanya kazi kwa jina la nani? Seva yetu inatumia mfumo endeshi wa Linux, na humo kila mtumiaji ana namba yake. Nikabonyeza hifadhi.

Jibu: 0.

Safari hii ilikuwa sifuri kamili. Na kwenye Linux namba sifuri ni ya root, mwenye nyumba, anayeweza kusoma, kufuta na kubadilisha chochote. Kisanduku cha posho kilikuwa kinaiendesha seva nzima. Faili lenye nywila za hifadhidata, funguo za kulipia kwa pesa za simu, vyote vilikuwa umbali wa mstari mmoja wa maandishi. Nilikuwa nimeuweka mfumo uendeshwe kama root mwaka ule wa 2018 kwa sababu kulikuwa na usumbufu wa ruhusa za mafaili na nilitaka kwenda nyumbani.

Halafu nikajibu swali la bosi kwa mara ya pili, sasa kwa kutafuta badala ya kukisia. Nilipekua msimbo wote nikitafuta neno eval na ndugu yake exec. Nilitarajia mahali pamoja. Palikuwa patatu. Pa pili palikuwa ripoti ya dizeli, si kitu. Pa tatu palinitoa jasho: ukurasa wa wateja wa kuomba bei. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mteja mmoja alizoea kuandika tani zake kama 28+27, kontena mbili kwa mpigo, akalalamika mfumo unakataa, na mimi mtu wa msaada nikanakili ule mstari wangu mzuri nikaubandika na pale. Kwa hiyo wapakiaji hawakuwa watano. Alikuwa yeyote mwenye akaunti ya mteja, popote alipo duniani.

Nikaufunga ukurasa wa wateja dakika ile ile, hata kabla ya kumwambia bosi. Akakasirika kwa dakika mbili hivi, kisha akaagiza wateja waombe bei kwa simu.

Sasa naja kwenye aibu ninayoikumbuka kuliko zote. Dawa yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga. Jumamosi hiyo hiyo usiku nilitengeneza orodha ya maneno haramu: import, os, open, exec. Fomula ikiwa na neno lolote kati ya hayo, ikataliwe. Nikalala nikiwa nimetulia.

Jumatatu, saa mbili na nusu, dada wa hesabu yuko mlangoni. "Kaka, fomula zote zimekataa." Zote kivipi? Nikaenda kuangalia. Fomula zilikuwa safi, zile zile za siku zote: siku mara posho. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, mpaka yeye mwenyewe akaweka kidole kwenye skrini. P, o, s, h, o. Ndani ya posho mna os. Kichujio changu kilikuwa kimeipiga marufuku posho ya madereva.

Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi wa chuo, alicheka mpaka akatoka nje. Aliporudi akaniomba, kwa adabu, ajaribu kukipita kichujio kwenye mashine ya majaribio, na bosi akamwongeza kwenye ile ruhusa. Hakumaliza hata saa moja. Neno os alilikata vipande viwili, 'o'+'s', vikaungana baada ya kupita mlangoni. Neno import aliliandika kwa herufi i pana, ile inayotumika kwenye maandishi ya Kijapani na Kichina. Kichujio changu kikaona herufi ngeni kikapisha. Python yenyewe, kwa kanuni yake ya kusawazisha herufi kwenye majina, ikaigeuza kuwa i ya kawaida na kuitii. Kwenye skrini ikarudi ile sifuri.

Kwa hiyo nilikuwa nimejenga askari anayewapiga wapangaji na kumfungulia mwizi geti. Na nadhani ndipo nilipoacha kutafuta maneno mabaya. Maneno mabaya hayaishi, ila fomula halali za kampuni ya malori ni chache mno, unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Dawa ya kweli ilichukua siku tatu, zile zile nilizozikwepa mwaka 2018. Eval iliondoka kabisa. Badala yake maandishi yanachanganuliwa kwa maktaba ya Python iitwayo ast, ambayo huyapasua na kuonyesha kila kipande ni kitu gani, bila kukiendesha. Halafu msimbo wangu unatembea kwenye vipande kimoja kimoja. Namba? Pita. Jina? Kama ni tani, siku, kilomita au posho, pita, jingine lolote rudi. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, mabano, basi. Kuita amri yoyote, kugusa sifa ya kitu, maandishi ndani ya nukuu: vyote vinakataliwa, si kwa kuwa nimevijua kwa majina bali kwa kuwa havimo kwenye orodha ya wageni. Round ya dada nayo ilikufa. Nikamtengenezea kitufe cha kukadiria. Kipeo nilikiacha nje kwa makusudi baada ya kijana kuandika `9**9**9`, tisa kwa kipeo juu ya kipeo, na mashine ya majaribio kuganda ikihesabu namba isiyo na mwisho wa maana. Na urefu wa fomula nikauwekea kikomo cha herufi mia moja.

Tukajaribu kila hila aliyoijua kijana. Zote zikagonga ukuta. Tukapeana mikono. Kisha yeye, sijui kwa nini, akaandika 25/8/2023.

0.00154473.

Ikapita! Bila shaka ingepita: ni hesabu halali, namba tatu na kugawanya mara mbili. Nilikuwa nimeziba tundu ambalo lingeweza kuiua kampuni, na mzee wa Changamwe angelala Malaba bila posho vile vile. Ni magonjwa mawili, niliyachanganya kwa kuwa yalikuja kwa simu moja. Kwa hiyo nikarudi kuuliza swali dogo zaidi: kisanduku cha posho kinahitaji fomula kweli? Hakihitaji. Fomula zina ukurasa wake. Karani anapoingiza safari anaandika kiasi, basi. Kisanduku kikawa kinapokea tarakimu tu, na kiasi kikiwa chini au juu mno kuliko kawaida ya njia ile, mfumo unauliza kabla ya kuhifadhi.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya kufagia, ya kuchosha, nitayapitia haraka. Mfumo sasa unaendeshwa na mtumiaji asiye na mamlaka nje ya folda yake. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL, nayo tulikuwa tunaingia kama mtumiaji mkuu, ambaye anaweza kuiagiza hifadhidata yenyewe iendeshe programu za mashine, kwa hiyo hata bila eval palikuwa na mlango wa uani. Nao tukaufunga. Nywila na funguo zote zilibadilishwa usiku mmoja, na asubuhi yake simu zilikuwa nyingi.

Swali gumu lilikuwa hili: kuna mtu alishaingia? Nilichambua kila fomula iliyowahi kuhifadhiwa, nikitafuta yenye nukuu, nukta au mistari ya chini. Nilikuta round nyingi. Nikakuta moja iliyosema `siku*posho samahani`, ambayo ilikuwa imefeli, na hakuna aliyekubali kuwa mwenyewe. Hapakuwa na baya. Lakini kumbukumbu za seva tulikuwa tunatunza siku 14 tu, kwa sababu ya kubana diski, na ukurasa wa wateja ulikuwa wazi kwa miaka. Siku 14 hazijibu maswali ya miaka.

Bosi alitaka tunyamaze. Namwelewa, kwenye biashara hii jina likichafuka, mzigo unahama. Lakini mfumo una namba za vitambulisho vya madereva na mishahara yao, na sheria ya Uganda ya kulinda data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya au kutunza data aiarifu mamlaka mara moja akiamini kwamba taarifa za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa. Tulikaa na wakili. Akasema: andikeni mlichokiona, mlichokitafuta, na mahali kumbukumbu zinapoishia, msifiche hata hilo la siku 14. Tukaandika kurasa nne. Hatukuwa na dalili ya kuingiliwa, na waraka ulisema hivyo, bila kudai zaidi. Sasa kumbukumbu zinakaa mwaka mzima, kwenye mashine nyingine ambayo ile ya kwanza haiwezi kuifuta.

Mzee alipita Kampala wiki ya pili ya Septemba. Pesa yake alikuwa ametumiwa asubuhi ile ile ya simu, lakini alikuja ofisini na karatasi zake za safari mkononi, akakaa kwenye kiti cha dada wa hesabu bila kukaribishwa. Nikamweleza. Nikamwekea kisanduku kwenye mashine ya majaribio nikamwambia, andika tarehe yenyewe, baba, ile ile. Akaandika kwa kidole kimoja. Skrini ikajibu: Andika tarakimu tu.

"Kumbe kinajua kusema," akasema. "Haya. Na ile siku niliyokaa Malaba nikingoja sifuri yenu igeuke pesa, iko wapi humu?"

Nikatazama. Haikuwemo. Safari yake ilihesabiwa siku tano, na alitumia sita.

Dada akafungua mfumo wa kazi, akaandika posho ya siku moja. Mfumo ukasita, ukauliza: kiasi hiki ni kidogo kuliko kawaida ya njia hii, ni nani ameidhinisha? Nikaweka jina langu. Mzee akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani, akavaa miwani. Ilipolia akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, kutoka kushoto, ndipo akainuka.